Bangili ya shaba, kulabu ya fedha

Ukitaka kuanza kutengeneza mapambo ya mkono hapa Majengo, Goma, na mtaji ni mdogo, usilinganishe metali kwa bei ya kilo. Mteja hanunui kilo, ananunua bangili. Basi tuhesabu kwa bangili.

Chukua bangili ya shaba nyekundu yenye gramu 20. Mwaka 2024 tani ya shaba kwenye soko la dunia ilizidi dola 9,000 kidogo kwa wastani, kwa hiyo shaba ya bangili hiyo ilikuwa ya senti 18 hivi. Bangili ya ukubwa uleule ikiwa ya alumini ina gramu 6 tu, na mwaka huo thamani yake haikufika senti 2. Ikiwa ya fedha, inafika gramu 23 na gharama yake mwaka huo ilikuwa karibu dola 20. Wauza vyuma chakavu wa Goma wana bei zao, lakini pengo kati ya metali hizi ni kubwa popote uendapo.

Kwa hesabu hiyo alumini ingeshinda, lakini mimi siichagui. Mkononi haina uzito, mteja anaona sufuria, na kuilehemu ni taabu kwa sababu hewa huifunika utando mgumu mara tu unapoikwangua. Itumie kwa hereni kubwa, zile ambazo zikiwa za shaba zingevuta sikio.

Shaba nyekundu inamvumilia anayejifunza. Ukiigonga sana inakakamaa. Ipashe moto mpaka iwe nyekundu kwa mbali, itumbukize majini, inalainika upya. Lawama yake ni kwamba jasho huifanya iache rangi ya kijani kwenye ngozi. Limau na chumvi huisafisha bangili, ila mwambie mteja kabla hajalipa. Tena ni mali ya nchi yetu: huko Katanga, karne nyingi kabla ya wakoloni, watu waliyeyusha shaba, wakaimimina katika umbo la msalaba na kuitumia kama pesa. Waya wa umeme usiojulikana ulikotoka uache hata ukiuzwa bei ya kutupa, maana huenda kuna mtaa umelala gizani kwa ajili yake. Na usiuchome kuondoa plastiki, moshi wake ni sumu. Tumia kisu.

Shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, inakaribia mng'ao wa dhahabu, na ndiyo inayouzika. Mafundi wa Kibera, Nairobi, huipata kwa kuyeyusha kufuli na mabomba mabovu. Lakini shaba ya robine na funguo mara nyingi ina risasi ndani yake. Yeyushia nje penye upepo, na tafadhali usimtengenezee mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Pasipofaa kubana pesa ni kwenye tundu la sikio. Kulabu za hereni za bei rahisi mara nyingi zina nikeli, na nikeli huwasha na kuvimbisha masikio ya watu wengi. Umoja wa Ulaya umeiwekea mipaka kwa sheria. Kulabu moja inahitaji sentimita 4 za waya wa fedha wa 925, unene milimita 0.8. Jozi nzima haifiki nusu gramu, kwa bei ya 2024 ilikuwa fedha ya senti 40 hivi.

Kwa hiyo nunua shaba nyekundu ya kujifunzia na ya njano ya kuuza, na hizo senti za kulabu za fedha zitoe.