Silabi za Vitenzi vya Kifaransa Mpakani Mpondwe

Ukivuka Mpondwe unaingia Kasindi, Kongo, ambako Kifaransa ni lugha ya ofisi. Mwanafunzi aliyezoea Kiswahili hutamka kila irabu aionayo: wa-na-fi-ka, silabi nne. Akikuta *ils arrivent*, huitamka -ent pia. Hilo ni kosa: -ent ya nafsi ya tatu wingi haitamkwi. Ndiyo maana *parle*, *parles* na *parlent* husikika sawa, "parl", silabi moja. *Parlons* na *parlez* zina mbili.

Je, umoja na wingi hutofautishwaje? Kitenzi kikianza na irabu, sikiliza z: *il arrive* (anafika) ni i-la-riv, *ils arrivent* (wanafika) ni il-za-riv. Kwa vitenzi vya aina ya *parler* vinavyoanza na konsonanti, muktadha huamua. Walimu wawazoeze wanafunzi kusikiliza jozi hizi kabla ya kuziandika.