Mota za vinu zaungua kwa namba moja tu

MMILIKI wa mashine ya kusaga nafaka akiunguza mota wakati wa mavuno, hasara haiishii kwenye gharama ya kuisuka upya. Wateja huhamia kinu cha jirani, na wengine hawarudi. Lawama hupelekwa kwa umeme, wakati mara nyingi kosa limo ndani ya stata, kwenye kifaa kidogo kiitwacho ovalodi.

Kazi ya ovalodi ni kukata umeme pale mota inapovuta ampia kupita kiasi, kwa mfano kinu kikishindiliwa mahindi yenye unyevu au fezi moja ikipotea. Fezi moja ikikatika, mbili zilizobaki hubeba mzigo wote, na koili zaweza kuungua kwa dakika chache. Ovalodi ina kidude cha kuzungusha chenye namba za ampia, na namba hiyo haikisiwi. Inaanzia kwenye kibao cha mota.

Mota ya kilowati 7.5, ambayo wengi huiita ya farasi 10, huvuta takriban ampia 15 kwenye umeme wa fezi tatu wa volti 400. Kibao kikiwa na namba mbili za ampia, isomwe ile inayoendana na volti zilizopo.

Hapa ndipo hata mafundi wazoefu huteleza. Mota za ukubwa huo mara nyingi huwashwa kwa stata ya sta-delta, na humo ovalodi kwa kawaida hufungwa kwenye waya ziendazo kwenye koili, si kwenye njia kuu. Mahali hapo hupita asilimia 58 tu ya ampia za njia kuu. Kwa hiyo mota ya ampia 15 inataka ovalodi iwekwe 8.7. Ikiwekwa 15, mota yaweza kuvuta ampia 26 na ovalodi isishtuke. Mwenye kinu anadhani ana kinga, kumbe hana.

Ovalodi ikikata mara kwa mara, dawa si kuongeza namba, ingawa ndiyo dawa inayopendwa. Zikaguliwe beringi, chekeche lililoziba, mkanda uliokazwa mno na volti zinazoshuka jioni.

Mota za mitumba ni mtihani zaidi, kwa kuwa nyingi hazina kibao. Fundi mwenye vipimo huanza na ukinzani wa koili tatu, ambao lazima ulingane, kisha mizunguko: inayokaribia 1,450 kwa dakika ni mota ya poli nne. Rula nayo husaidia. Kwa mota za poli nne za vipimo vya kimataifa, shafti ya milimita 38 iliyo kimo cha milimita 132 kutoka miguuni ni ya kilowati 5.5 au 7.5. Mota iliyosukwa upya kwa waya mwembamba kuliko wa awali haistahili kuaminiwa kwa kibao chake cha zamani.

Wakulima wanaoendesha pampu kwa inveta wana nafuu kidogo. Inveta nyingi hujipimia koili zenyewe, mradi fundi aingize kwanza namba za kibao na kipimo kifanyike mota ikiwa baridi, kwani ukinzani wa shaba hupanda na joto.