Fahamu: Kombi ya Volkswagen iliyorudi na betri

Mwaka 1947, Ben Pon, mwagizaji wa magari kutoka Uholanzi, alichora daftarini gari lenye umbo la sanduku: dereva mbele kabisa, injini nyuma. Mchoro huo ndio uliozaa kombi ya Volkswagen, iliyoanza kuundwa Ujerumani mwaka 1950. Ilibeba mafundi, familia na, huko Marekani, vijana waliopinga vita vya Vietnam. Brazil ndiyo iliyoendelea kuiunda hadi 2013.

Sasa imerudi kwa jina la ID. Buzz, iliyozinduliwa Machi 2022 na kuundwa Hannover. Betri imelazwa chini ya sakafu, na mota ya umeme inasukuma magurudumu ya nyuma, kama ilivyokuwa kwa injini ya zamani. Kwa hiyo uzito unakaa chini, gari linatulia barabarani, na abiria wanabaki na nafasi pana.

Kikwazo ni bei. Marekani, ambako iliingia sokoni mwishoni mwa 2024, ilianzia karibu dola 60,000, ikienda takriban kilomita 375 kwa chaji moja. Kombi ya kwanza ilipendwa kwa sababu mtu wa kawaida aliimudu. Hii ni gari zuri mno, lakini bado si gari lake.