Maeneokazi Pepe na Kompyuta Nyepesi katika Maabara za Chuo: Gharama Inayohama na Hatari Inayokusanyika

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida kwa Windows 10. Toleo linalofuata, Windows 11, linadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa sababu hiyo, kompyuta nyingi ambazo bado zinawaka katika maabara za vyuo haziwezi kuhamia toleo hilo kwa njia iliyoidhinishwa. Uongozi wa chuo hubaki na machaguo makuu matatu: kununua kompyuta mpya kwa kila meza, kuhamia mfumo endeshi wa Linux, au kuiacha meza ibaki na kifaa duni huku kazi yenyewe ikifanyika kwenye seva. Makala haya yanafafanua chaguo la tatu. Hoja inayojengwa ni kwamba teknolojia hii haifuti gharama wala hatari, bali huziondoa mezani na kuzikusanya katika chumba kimoja. Hivyo, uamuzi wa kuitumia ni uamuzi kuhusu uwezo wa chuo kukitunza chumba hicho.

2.0 Dhana na Chimbuko

Eneokazi pepe ni mazingira kamili ya kazi, yaani mfumo endeshi, programu na mafaili, yanayoendeshwa ndani ya seva na kuoneshwa kwa mtumiaji kupitia mtandao. Kompyuta nyepesi ni kifaa kidogo kinachopokea picha ya mazingira hayo na kurudisha mienendo ya kibodi na kipanya. Aghalabu kifaa hicho hakihifadhi kazi yoyote ya mtumiaji.

Wazo la kumtenganisha mtumiaji na mashine si geni vyuoni. Mwaka 1983 Massachusetts Institute of Technology, kwa ushirikiano na Digital Equipment Corporation na IBM, ilianzisha Mradi wa Athena uliodumu hadi 1991. Lengo mojawapo lilikuwa mwanafunzi aketi kwenye kituo chochote cha kampasi na kukuta mafaili yake. Mradi huo ndio ulioulea mfumo wa X Window, unaowezesha programu kuendeshwa kwenye mashine moja na kuonekana kwenye nyingine. Mwaka 1999 ulianza mradi wa programu huria wa LTSP, ambao umewezesha shule na vyuo kuwasha kompyuta kuukuu kupitia mtandao bila kutegemea diski zake.

3.0 Aina za Mpangilio

Kuna mipangilio miwili ya msingi. Katika mpangilio wa kwanza, watumiaji wengi hushiriki mfumo endeshi mmoja wa seva, kila mmoja akiwa na kipindi chake. Mpangilio huu hutumia rasilimali kidogo, lakini programu mbovu ya mtumiaji mmoja inaweza kuwaathiri wote. Katika mpangilio wa pili, kila mtumiaji hupewa mashine pepe yake. Utengano huwa imara zaidi, na gharama hupanda.

Mashine pepe nazo ni za aina mbili: za kudumu, zinazotunza mabadiliko ya mtumiaji, na za muda, zinazorudishwa katika hali ya awali kila anapotoka. Aina ya pili huwapendeza mafundi, kwa kuwa virusi na mipangilio mibovu hufutika yenyewe. Hata hivyo, sura ya tasnifu iliyohifadhiwa kwenye diski ya mashine hiyo hufutika vilevile. Kwa hiyo, folda za watumiaji hazina budi kuelekezwa kwenye seva ya mafaili kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia, na seva hiyo iwe na nakala rudufu nje ya chumba kilekile.

4.0 Ukokotoaji wa Mahitaji: Mfano wa Viti 40

Ichukuliwe maabara ya viti 40, kila eneokazi likitengewa gigabaiti 4 za kumbukumbu. Jumla ni gigabaiti 160, kabla ya mahitaji ya seva yenyewe. Seva moja ya gigabaiti 256 inatosha kwa hesabu. Seva mbili za kiwango hicho zinatosha kwa usalama, kwa kuwa moja ikifa nyingine hubeba viti vyote.

Kikwazo ambacho hesabu nyingi hukisahau ni kasi ya diski. Saa mbili asubuhi wanafunzi 40 huingia kwa pamoja. Iwapo kila eneokazi litahitaji operesheni 50 za diski kwa sekunde wakati wa kuwaka, jumla ni 2,000. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutoa takriban operesheni 100 au pungufu. Zingehitajika diski zaidi ya 20 kwa zoezi hilo pekee. Diski za elektroniki, zisizo na sehemu inayozunguka, hukidhi hitaji hilo kwa urahisi.

Kwa upande wa mtandao, kazi za ofisi zikikadiriwa kutumia megabiti 2 kwa sekunde kwa kiti, jumla ni megabiti 80. Swichi iliyounganishwa na seva kwa kiungo cha megabiti 100 hukaribia kujaa, na somo moja la video hulemaza darasa zima. Programu za usanifu na za ramani hudai zaidi ya hapo: kadi ya michoro ndani ya seva.

5.0 Umeme

Kompyuta ya kawaida ikitumia wati 80 bila skrini, viti 40 hutumia wati 3,200. Kompyuta nyepesi za wati 10 hutumia 400. Seva mbili za wati 400 kila moja zikiongezwa, jumla ni 1,200 kabla ya kiyoyozi. Ahueni hiyo haipatikani pale kompyuta kuukuu zinapogeuzwa kuwa nyepesi, kwa kuwa matumizi yake ya umeme hayashuki sana. Chuo huokoa bei ya kununulia, si ankara ya umeme.

Umeme ukikatika maabara ilhali chumba cha seva kina betri, kipindi cha mwanafunzi huendelea kuishi. Akirudi hukuta sentensi pale alipoiachia. Umeme ukikatika chumba cha seva, viti vyote 40 huzimika kwa mara moja, pengine katikati ya mtihani. Kiyoyozi kisichounganishwa na jenereta huleta matokeo yaleyale, ila kwa kuchelewa.

6.0 Leseni

Microsoft hudai haki ya ziada ya leseni ili Windows ya kawaida itumike kama eneokazi pepe kupitia kifaa chepesi. Aidha, masharti hubadilika. Broadcom iliinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha uuzaji wa leseni za kudumu na kuelekea michango ya kulipiwa kwa vipindi. Chuo kilichopanga bajeti kwa ununuzi wa mara moja hujikuta na deni la kila mwaka.

7.0 Hitimisho

Asiyemiliki kompyuta ndiye anayeitegemea maabara kuliko wote, na ndiye anayeumia kwanza mfumo ukianguka. Kwa chuo chenye seva ya pili, betri, nakala rudufu na fundi aliyepo kazini, maeneokazi pepe hurahisisha matunzo na kurefusha uhai wa vifaa. Kwa chuo kisicho na hayo, kompyuta 40 zinazoharibika mojamoja ni salama zaidi kuliko seva moja inayoharibika kwa niaba ya wote.