Umeuziwa kompyuta ya zamani? Fahamu inachoweza na isichoweza

Ukikuta kompyuta nzito ya chuma inauzwa kwa bei ya kuvutia hapa Bujumbura, iwe kwa fundi wa Buyenzi au kwa jirani anayehama, jiulize kwanza unataka kuifanyia nini. Kama unataka kuingia intaneti, kusoma ujumbe wa barua pepe au kujaza fomu mtandaoni, usitoe pesa. Simu ndogo ya kisasa inaishinda mara maelfu.

Tuchukue mfano wa IBM PC, iliyotangazwa Marekani tarehe 12 Agosti 1981. Kompyuta nyingi za mezani zilizofuata ziliiga muundo wake. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, na kwa pesa hizo hukupewa skrini wala kifaa cha kusomea diski. Kumbukumbu yake ilianzia kilobaiti 16. Kilobaiti moja ni nafasi ya herufi 1,024, na skrini ilionyesha mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja. Kwa hiyo kumbukumbu yote ilitosha kurasa nane za skrini! Diski yake laini ilibeba kilobaiti 160. Picha moja ya simu yenye megabaiti 3 ingehitaji diski 20.

Hata hivyo, haikuwa kitu cha kuchezea. Programu ya Lotus 1-2-3, ya mwaka 1983, iliwapa wafanyabiashara majedwali ya hesabu yanayojikokotoa yenyewe. Mwaka 1985 taasisi ya CDC ya Marekani ilitoa Epi Info kwa wanaofuatilia milipuko ya magonjwa. Ilikuwa ya bure, na mhudumu wa afya aliweza kuingiza majibu ya dodoso na kupata hesabu zake bila mtandao wowote. Kuandika barua na kuipiga chapa, kutunza orodha, kujifunza kupanga programu: hayo mashine kama hiyo inayaweza hadi leo, ikiwa bado inawaka.

Ikiwaka, itakuuliza tarehe. Haina betri ya kutunza saa, na usipoijibu itaamini kwamba leo ni 1 Januari 1980. Kama kibodi ni ya Kifaransa, unaweza kubonyeza A ikatokea Q. Haijaharibika, ila haijaambiwa kwamba kibodi si ya Kimarekani.

Kabla ya kuichomeka, angalia nyuma. Umeme wa Burundi ni volti 220, na mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinatumia takriban 120. Nyingi za baadaye zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye 115 na 230. Ikiwa kwenye 115, itaungua mara moja. Kama hakuna swichi na kibao kinataja 120 tu, inahitaji transfoma.

Skrini zile za kioo kinene zisifunguliwe na watoto, wala na mtu asiye fundi. Ndani hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na kioo kina madini ya risasi. Pia usichome nyaya zake ili upate shaba, kwa sababu moshi wake una sumu.

Labda hutaki kompyuta yenyewe, ila una diski yenye cheti, barua au orodha ya shule uliyotoka nayo Kongo. Diski ndogo ngumu ya inchi 3.5 bado inasomeka kwa kifaa cha nje kinachochomekwa kwenye USB. Ile pana inayopinda, ya inchi 5.25, kwa kawaida inahitaji mashine ya zamani yenyewe, na hapo ndipo kompyuta ya fundi inapoweza kuwa na thamani kwako. Iweke mbali na spika za redio, kwa sababu sumaku inafuta maandishi. Na kompyuta ikikuambia diski haisomeki, kisha ikauliza kama unataka kuifomati, jibu hapana. Kufomati kunaisafisha diski, na karatasi zako zinaweza kupotea kabisa.