KASORO ZA PANELI YA SOLA HUONEKANA GIZANI

Wengi wetu hapa delta ya Rufiji na Kibiti tunatumia umeme wa jua. Huko Salale, Msala, Kiongoroni na Maparoni kuna mito na mikoko kila upande. Kupitisha nguzo na nyaya si kazi rahisi. Kwa hiyo mtu akiuza korosho, ufuta au kamba, hununua paneli ya sola ili awashe taa na kuchaji simu.

Lakini paneli mbili zaweza kufanana kabisa dukani. Moja huwasha taa mpaka usiku wa manane. Nyingine huzimika kabla watoto hawajamaliza kusoma. Kwa nini? Leo tutaeleza jinsi wataalamu wanavyotafuta kasoro ambayo macho hayaioni.

Utando mwembamba ni nini?

Kuna paneli zinazotengenezwa kwa vipande vya silikoni. Kuna nyingine ambazo kioo chake hupakwa utando mwembamba sana wa kitu kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kitu kimojawapo huitwa kadimi teluraidi. Ukigawa milimita moja mara 1,000, unene wa utando huo ni sehemu 2 au 3 tu. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko huo mara 20 hivi.

Faida yake ni kwamba hutumia mali ghafi kidogo. Lakini kitu chembamba hivyo hakikosi kasoro. Pengine kina kitundu. Pengine kimechanganywa vibaya, au unyevu umepenya pembeni.

Umeme hupotelea wapi?

Mwanga wa jua ukipiga utando, huamsha chembe ndogo mno ziitwazo elektroni. Zikifika kwenye waya, tunapata umeme.

Hebu tufikirie jaruba la mpunga. Maji yakifika kwenye mpunga, mkulima amepata. Lakini kaa akitoboa tuta, maji hupotea. Ukitazama kwa mbali unaona tuta ni zima, kumbe linavuja! Na kasoro katika utando ni kama tundu la kaa. Elektroni hutumbukia humo, na nguvu yake huishia kuwa joto tu.

Kuliona tundu bila kuchimba

Sote tunajua mwanga usio na moto. Kimulimuli anao. Wavuvi nao wameona maji ya bahari yakimetameta usiku kafi inapoyapiga. Paneli pia inaweza kutoa mwanga wa namna hiyo.

Kila siku paneli hupokea mwanga ikatoa umeme. Sasa wataalamu huigeuza kazi hiyo. Huiweka gizani, wakaipelekea umeme, nayo ikatoa mwanga. Mwanga huo ni hafifu na macho yetu hayauoni, ila kamera maalumu huuona. Sehemu nzima hung'aa. Sehemu yenye kasoro huwa nyeusi, maana elektroni zake zimetoa joto badala ya mwanga. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kazi ya picha hizo kwa seli za silikoni. Leo njia hiyo hutumika kwa tando nyembamba pia.

Njia ya pili ni kuumulika utando kwa leza, nao hujibu kwa mwanga wake wenyewe. Njia hii haihitaji nyaya, hivyo utando hupimwa hata kabla haujawa paneli. Wakitaka kujua aina ya kasoro, huupoza kwa naitrojeni iliyo kama maji, yenye baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Rangi ya mwanga husaidia kutambua aina ya kasoro. Mwanga ukizimika haraka mno, ni dalili kwamba kasoro ni nyingi.

Sisi yatuhusu nini?

Mwaka 1999, watafiti walipima paneli za utando mwembamba wa silikoni katika nyumba za watu nchini Kenya. Aina nyingine zilitoa nguvu karibu na ile iliyoandikwa. Nyingine zilitoa pungufu sana, na wenyewe walikwisha lipa fedha yao yote. Mita huonyesha kwamba nguvu imepungua. Mwanga huonyesha imepotelea wapi. Hapa kwetu, Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imefanya utafiti wa tando hizi.

Sisi vijijini hatuna kamera hiyo. Basi tufanye haya:

1. Tudai risiti na dhamana ya maandishi.

2. Kabla ya kulipa, fundi aipime paneli kwa mita kwenye jua la saa sita mchana. Alinganishe na namba zilizoandikwa nyuma yake.

3. Katika mtumbwi, tuifunge vizuri na kuiwekea kitu laini. Tusiikalie wala kuikanyaga.

4. Kingo zikifunguka, tumwite fundi mapema. Unyevu na chumvi ya pwani huharibu ndani.

Muuzaji akisema, "Paneli hii ni nzima, itazame inavyong'aa," tumjibu kwa adabu: "Sawa ndugu, lakini kwanza tuipime."