Cairo au Al-Qahira? Majina ya Miji ya Waarabu katika Insha za Kiingereza

Mwanafunzi wa darasa la saba ameandika katika insha yake ya Kiingereza kwamba mji mkuu wa Misri ni Al-Qahira. Je, amepata au amekosa? Walimu wengi watalikata jina hilo kwa wino mwekundu na kuandika Cairo juu yake. Lakini mtoto huyo, hasa akiwa wa pwani, huenda alilisikia katika chuo cha Kurani kabla hajaliona neno Cairo kitabuni. Na mstari mwekundu usio na maelezo humfundisha kwamba maarifa aliyoyapata huko hayana thamani shuleni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko kosa lenyewe.

Mwalimu aanze na lile ambalo darasa linalijua tayari. Katika Kiswahili tunasema Unguja. Katika Kiingereza kisiwa hicho hicho huitwa Zanzibar, wala hapana anayeona kwamba Unguja imedharauliwa. Hali kadhalika sisi husema Kairo, Dameski na Maskati kwa matamshi yetu, bila ya kudai kwamba tunasema kama Waarabu wasemavyo. Kila lugha huyapokea majina ya miji ya mbali kwa njia yake, na mara nyingi njia hiyo hupitia kwa watu wengine.

Al-Qahira, maana yake mwenye kushinda, ni mji ulioasisiwa na Wafatimi mwaka 969. Jina hilo liliwafikia Waingereza kwa kupitia Kiitalia, na njiani likapoteza sauti zake za Kiarabu. Casablanca ya Moroko ina habari nyingine: jina hilo la Kihispania lina maana ya nyumba nyeupe, na la Kiarabu, ad-Dar al-Bayda, lina maana iyo hiyo. Hapo hakuna sauti iliyopotea. Ni tafsiri tu.

Algiers ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi taabu ya kutumia jina la wenyeji popote pale. Al-Jazair, yaani visiwa, katika Kiarabu ni jina la mji na la nchi pia. Kiingereza kimeyatenga: mji ni Algiers, nchi ni Algeria. Mwanafunzi akiliingiza neno Al-Jazair katika sentensi ya Kiingereza, msomaji hatajua amekusudia lipi. Na atakayeshikilia kwamba la wenyeji ndilo la haki peke yake akumbuke kwamba Wamisri wenyewe, katika mazungumzo ya kila siku, huuita mji wao mkuu Masr, jina lile lile la nchi, lenye asili moja na neno letu Misri!

Tena kuna suala la tahajia. Kiarabu kina hati yake, na sauti kama ile ya mwanzo wa Qahira haimo katika Kiingereza. Kiswahili pia huigeuza kuwa k, kama katika neno kadhi. Umoja wa Mataifa ulipitisha utaratibu wa kuyaandika majina ya Kiarabu kwa herufi za Kirumi mwaka 1972, na mwingine mwaka 2017, lakini hata leo utaona Jeddah katika ramani moja na Jiddah katika nyingine.

Kwa maoni yangu, basi, katika insha ya kawaida ya Kiingereza mwanafunzi aandike jina ambalo msomaji wa Kiingereza analijua. Akitaka kulitaja la wenyeji, na ni vizuri atake, alieleze mara moja mwanzoni: “Cairo, which its people call al-Qahira, stands on the Nile.” Baada ya hapo ashike moja tu, kwani akiandika Cairo katika aya hii na Al-Qahira katika aya ifuatayo, msomaji atadhani ni miji miwili. Kwa mji kama Omdurman wa Sudani, ambao Kiingereza hakikuupa jina jingine, hakuna la kuchagua ila tahajia.

Darasani, tundika ramani ya Afrika ya Kaskazini na uchore ubaoni safu tatu: Kiswahili, Kiarabu, Kiingereza. Mwite mwanafunzi aliyesoma Kiarabu atamke majina ya safu ya pili, wenzake wamsikilize na kumwigiza. Kisha kila mmoja aandike sentensi mbili za Kiingereza juu ya mji mmoja, kwa mfano ule wa hapo juu.

Wakati wa kusahihisha, tofautisha masomo. Katika jiografia, aliyejibu Al-Qahira ameujua mji, naye apewe alama yake. Katika Kiingereza, andika Cairo pembeni bila ya kulikata neno lake, na umwambie sababu. Kwa ajili ya mtihani wa mwisho, hata hivyo, wazoeze wote kuandika jina lililomo katika kitabu cha darasa.